Jirani anachoma taka kila jioni na mtoto wangu ana pumu: nianzie wapi?

Mama wa Kimara

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri katika jambo ambalo limenikosesha raha kwa muda mrefu, na ambalo nimesita kulileta hapa kwa sababu linamhusu mtu ninayemheshimu.

Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Upande wa kusini tumepakana na mzee mmoja mstaafu. Tulipokuwa tunajenga, kabla hatujavuta maji, ni yeye aliyeturuhusu kuchota kisimani kwake bila kutudai hata senti, na nilipofiwa na mama yangu, mkewe alilala kwetu siku tatu akipika na kuosha vyombo pamoja na wanawake wengine wa mtaa. Nayasema haya mapema ili atakayenijibu ajue kwamba sitafuti njia ya kumkomoa.

Kila jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja, mzee hukusanya taka za nyumbani kwake na za wapangaji wake wanne, akazitia katika shimo lililo kama hatua sita kutoka ukuta wetu, akaziwasha moto. Humo mna majani mabichi ya mwembe, maganda ya muhogo, vifungashio vya plastiki, chupa, nepi za watoto, vipande vya nyaya, na juma lililopita kulikuwa na zulia la plastiki lililochakaa. Moshi wa majani peke yake pengine ningeuvumilia, maana nimekulia kijijini na jiko la kuni nalijua. Huu mwingine ni mzito, una harufu inayokaba koo, unatambaa chini chini badala ya kupanda, na hata ukifunga madirisha unaukuta chumbani. Asubuhi nakuta punje nyeusi juu ya mfuniko wa tangi la maji. Ukizigusa hazipeperuki kama jivu la kuni. Zinapakaa kidoleni kama wanja.

Mtoto wangu wa pili ana miaka saba na ana pumu. Nimeona kwamba kuanzia Aprili mpaka Septemba hali yake huwa mbaya zaidi, na Januari na Februari hupata nafuu, nami kwa muda nilidhani ni baridi ya masika na kipupwe. Usiku uliokuwa mbaya kuliko yote, hata hivyo, ulikuwa wa kuamkia Mwaka Mpya, pale vijana walipochoma matairi njia panda na kupiga fataki mpaka saa nane. Tulimkimbiza kituo cha afya akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi mara tatu.

Nimezungumza na mzee mara mbili. Mara ya kwanza alinisikiliza vizuri, na moto ukasimama kwa siku tatu. Mara ya pili aliniambia, "Mwanangu, nimechoma taka tangu hujazaliwa, na wanangu wote ni wazima. Gari la taka likija, nitakuita uje unisaidie kuzibeba." Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa fupi. Mume wangu anasema twende serikali ya mtaa moja kwa moja. Mimi naogopa kwamba tukishampeleka mzee mbele ya mwenyekiti, hata moto ukizimika, ujirani nao utakuwa umezimika.

Je, ni kweli moshi wa shimo moja la uani unaweza kumdhuru mtoto kiasi hiki? Sheria yetu inasemaje? Na nimfuate vipi mzee huyu mara ya tatu?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi wodi ya watoto kwa muda mrefu, na nitajibu lile swali la kwanza tu, kwa sababu ndilo ninaloliweza.

Ndiyo, unaweza. Watu wengi wanadhani kinachodhuru ni ule moshi mweusi unaoonekana, ilhali kinachoingia ndani kabisa ya mapafu ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo kwa takriban mara ishirini hadi thelathini. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, ukalitoa kwa chafya au kikohozi, lakini chembe hizi hupita mpaka kwenye vifuko vya hewa, na nyingine huingia hata katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Moto wa taka unaofuka hatua chache kutoka dirishani unaweza kukipita kiwango hicho mara nyingi kwa muda wote unaowaka. Mtoto mwenye pumu ana njia za hewa zilizo nyembamba na zenye hasira tayari. Moshi ukizigusa hubana, huvimba na kutoa makamasi.

Taka zenyewe pia zinatofautiana. Plastiki iliyotengenezwa kwa klorini, kama ile ya nyaya, mabomba na mazulia ya aina uliyoitaja, ikiungua katika moto hafifu hutoa gesi inayochoma koo na macho, na huzaa sumu zinazoitwa dioksini. Tanuri maalumu za kuteketeza taka huendeshwa kwenye joto la nyuzi 850 na zaidi ili kuzivunja sumu hizo, na shimo la uani lenye majani mabichi halifiki huko. Sumu hizi haziishii kwenye moshi. Hutua kwenye udongo na kwenye jivu, kuku wanaochakura hapo huzimeza, nazo hukaa katika mafuta ya mwili na kutokea kwenye mayai. Kama mzee anafuga kuku wa kienyeji, au kama jivu la shimo lile linamwagwa kwenye bustani ya mchicha, basi anayedhurika wa kwanza ni yeye na wajukuu wake. Jivu la kuni tupu halina neno bustanini. Hilo la nepi na nyaya lisiguse chakula.

Sasa kuhusu mtoto, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine. Ikiwa anatumia ile pampu ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa juma, pumu yake haijadhibitiwa, na hilo halisubiri mzee abadilike. Mrudishe kliniki, uulize kuhusu dawa ya kuzuia, ile inayovutwa kila siku hata akiwa mzima, kwa sababu ile ya kufungua kifua huondoa mbano wa saa hiyo tu na haitibu uvimbe wa ndani. Hakikisha anaivuta dawa kupitia chombo cha kupitishia. Kama hakipo, waombe wakuonyeshe namna ya kukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, maana njia hiyo imejaribiwa na inafanya kazi. Kitambaa chenye maji puani hakizuii chembe nilizozitaja, msijidanganye nacho. Moto ukiwashwa, muhamishieni chumba kilicho mbali na ukuta ule, mfunge madirisha ya upande huo, na moshi ukiisha kabisa nje myafungue yote, kwani uliokwisha kuingia hautoki wenyewe upesi.

Hayo ya sheria na ujirani nawaachia wengine.

Niliyekuwa Nachoma

Dada wa Kimara, mimi ni mkazi wa Mbagala, na kwa miaka tisa nilikuwa ndiye huyo mzee wa upande wa pili wa ukuta. Naandika kwa sababu pengine nitakusaidia kumwona kwa macho yake mwenyewe.

Sikuchoma kwa ukorofi. Nilipohamia, gari la taka lilikuwa linakuja kila juma, nami nilikuwa nalipa ada bila kukosa. Baadaye likawa linakuja kila baada ya majuma matatu, halafu likawa linaishia barabara kubwa kwa sababu njia yetu ni mbaya wakati wa mvua. Taka zikakaa kwenye viroba, mbwa wakazitapanya, nzi wakajaa, na jirani wa kwanza kunilalamikia alilalamikia uvundo. Nikachimba shimo. Kwa fikra zangu nilikuwa nimetatua tatizo, tena kwa gharama yangu na jasho langu, na kila nilipowasha moto niliona nimesafisha mji wangu. Ukimwendea mtu wa namna hii ukamwambia "acha kuchoma", yeye anasikia "rudi kwenye uvundo", na hawezi kukubali hata akikuhurumia. Lile jibu la gari la taka, ambalo wewe umelisikia kama kejeli, mimi nalisikia kama swali halisi: azipeleke wapi?

Mimi nilibadilishwa na jirani aliyekuja na jibu la swali hilo. Alikuwa kijana mpangaji, hana uwezo mkubwa. Alikuja Jumamosi asubuhi, wakati moto haujawashwa na mimi sina hasira, akaniamkia, akaniomba tuzimwage taka zangu za siku mbili juu ya turubai tuzitazame. Nilimwona kama mtu asiye na kazi, lakini tulizimwaga. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda, majani, na makombo ya chakula, vitu ambavyo havina haja ya moto wala gari. Chupa na ndoo zilizovunjika alizitenga, akasema kuna watu wanapita kununua kwa kilo, na kweli walikuwa wanapita kila siku nami nilikuwa nawafukuza. Kilichobaki kilikuwa nepi, vifungashio vya biskuti na sabuni, na mabaki ya nguo, kiasi cha nusu kiroba tu. Nusu kiroba hicho ndicho nilichokuwa nakiunguza pamoja na mengine yote ili yaondoke.

Tulichimba shimo la pili, kina cha mita moja, kwa ajili ya mboji. Tunatia maganda, tunafunika kwa majani makavu na udongo kidogo ili pasinuke wala pasivute panya, tunageuza kila baada ya majuma mawili. Kwa joto la Dar es Salaam, baada ya miezi mitatu hivi unapata udongo mweusi laini. Nusu kiroba cha nepi tunampa mtu wa guta, ule mkokoteni wa magurudumu matatu, mara moja kwa juma, tukichanga nyumba nne. Ila nakuonya hapa: mtu wa guta wa kwanza tuliyempata alikuwa anakwenda kuzimwaga bondeni usiku, na mvua ya kwanza ikazirudisha kwa watu wa chini. Mfuateni siku moja mpaka mwisho wa safari yake, mhakikishe anazifikisha kwenye kizimba ambako gari la manispaa linazichukua kupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Msipofanya hivyo mtakuwa mmeuhamisha ugomvi kwa jirani msiyemjua.

Jambo jingine. Umesema mtoto anaumia zaidi Aprili mpaka Septemba, na kwamba nyumba ya mzee iko kusini kwenu. Dada, huo ni upepo wa kusi. Miezi hiyo unavuma kutoka kwake kuja kwako. Kaskazi ikianza, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, moshi uleule unageuka kwenda kwa majirani wa upande wake wa pili. Nenda ukawaulize. Kama nao wanakohoa Januari na Februari, basi hauko peke yako, na mzee hataweza kudhani ni kelele za mama mmoja mwenye wasiwasi.

Karani wa Sheria, Dodoma

Nimesoma maelezo yote kwa makini. Nakubaliana na ndugu wa Mbagala kwamba taka lazima zipate pa kwenda, lakini sikubaliani na yeyote atakayemfanya mama huyu adhani kwamba anaomba fadhila. Anadai haki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinampa nafasi ya kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazodhuru afya, na inampa afisa afya mamlaka ya kumtaka kwa maandishi anayesababisha kero aiondoe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo imeweka kosa la kuchafua hewa kiasi cha kuifanya iwadhuru watu wanaoishi jirani au wanaopita njiani. Juu ya hizo ziko sheria ndogo za usafi wa mazingira za kila halmashauri, ambazo mara nyingi ndizo zenye faini ya papo hapo, na nakala yake unaweza kuiomba ofisi ya mtendaji wa kata.

Kwa utaratibu, usianzie mahakamani, na wala usianzie polisi. Anza na mjumbe wa shina, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uombe kikao kifanyike pande zote mbili zikiwepo. Isiposaidia, andika barua kwa mtendaji wa kata na nakala kwa afisa afya na afisa mazingira, maana hao ndio wenye wajibu wa kuja kuona shimo kwa macho. Baraza la kata nalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 kwa lengo la kupatanisha. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, hupokea malalamiko ya uchafuzi, ingawa kwa shimo la uani watakurudisha kwanza halmashauri.

Nunua daftari leo. Andika tarehe, saa moto ulipowashwa, saa ulipozimika, upepo ulielekea wapi, kilichokuwa kinaungua, na hali ya mtoto usiku ule, ikiwa ni pamoja na idadi ya mara alizotumia pampu. Hifadhi karatasi za kliniki. Piga picha za moshi ukiwa katika eneo lako, usipande ukuta kupiga picha za ndani ya uwanja wa mtu. Daftari la majuma matatu lina uzito mkubwa kikaoni kuliko kusema "kila siku", kwa sababu mlalamikiwa atakataa "kila siku" lakini hawezi kukataa Jumanne ya tarehe fulani saa kumi na mbili na robo. Na ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya taka hizo ni za wapangaji; mwenye nyumba anayepokea kodi ndiye anayepaswa kuwawekea utaratibu wa taka, na hilo afisa afya atamweleza.

Kuhusu Mwaka Mpya, jeshi la polisi limekuwa likitangaza mara kwa mara mwisho wa mwaka kwamba kuchoma matairi barabarani na kupiga fataki bila kibali hakuruhusiwi. Tairi ni mpira wenye salfa, zinki na nyaya za chuma, na likiwaka halizimiki kwa ndoo moja ya maji. Jambo hili lipelekeni kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa mwezi Novemba, kabla vijana hawajaanza kukusanya matairi. Ukilipeleka tarehe 2 Januari watakupa pole tu.

Mkaazi wa Likoni

Nawaandikia kutoka Mombasa, ambako mambo haya tunayajua vyema. Wazee wetu watakumbuka jaa la Kibarani, pale unapoingia kisiwani, lilivyokuwa likifuka moshi huku magari yakipita. Jaa lile lilifungwa na pahali pale pakapandwa miti, lakini moshi wa nyuma ya nyumba haukwisha, kwa sababu aliyekuwa hafikiwi na gari la kaunti hakupata badala.

Kwetu Kenya, kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema kwamba anayekwenda kortini kuidai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Jambo hilo la mwisho ni kubwa, maana ugonjwa wa kifua una sababu nyingi na ni vigumu kwa mzazi kuthibitisha kuwa ni moto ule hasa uliomwangusha mwanawe. Na sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inawataka watu wa nyumbani watenge taka za kuoza na zisizooza. Naeleza haya si kwa kuwa sheria za kwetu zafaa kwenu, bali kuonyesha kuwa hata penye sheria nzuri namna hiyo, katika mtaa wangu sijamwona mtu aliyempeleka jirani yake kortini kwa moshi. Watu hupelekana kwa mpaka wa shamba. Kwa moshi hununiana miaka kumi.

Langu ni moja. Ndugu zangu mmemfundisha namna ya kumwendea mzee, lakini mke wa mzee hamkumtaja. Huyo ndiye aliyelala matangani kwa huyu mama siku tatu. Kwa desturi yetu ya pwani, neno zito kama hili hupita kwanza kwa wanawake, jikoni, kisha ndipo lifike barazani likiwa limepoa. Bibi ameona mtoto yule akikua. Dada, mchukue mwanao, ubebe na ile pampu yake, mwende mkamwamkie bibi, umweleze usiku wa Mwaka Mpya ulivyokuwa tangu mwanzo hadi mwisho. Usimtaje mzee wala shimo. Atalitaja mwenyewe.

Karani wa Sheria, Dodoma

Ushauri wa Likoni ni mzuri, nami siupingi. Naongeza tu kwamba daftari liendelee kuandikwa hata wakati wa mazungumzo ya jikoni. Mara mbili mama huyu amezungumza kwa upole, na mara mbili moto umerudi.

Mama wa Kimara

Shikamooni wakubwa wangu, na wengine habari zenu. Ni mwezi mmoja na siku kadhaa tangu niandike, nami nimeona si vyema kunyamaza baada ya kupewa muda wenu.

Nilianza na kliniki. Mtoto amepewa dawa ya kuzuia, anavuta asubuhi na jioni kwa chombo cha chupa, kama Muuguzi alivyosema. Daftari lina majuma matano sasa. Katika juma la kwanza niliandika moto siku sita, na pampu mara kumi na moja.

Kisha nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kumsaidia, na nikamsimulia usiku ule wa Mwaka Mpya. Sikulitaja shimo. Aliacha kuchambua, akamwita mtoto karibu, akamwekea sikio mgongoni na kusikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo sauti hii ninayoisikia usiku. Mimi nilidhani ni paka juu ya bati." Siku ya pili mzee mwenyewe alibisha hodi kwetu.

Hakuomba radhi, na sikutaka aombe. Alisema anataka kujua hizo nepi zitakwenda wapi. Mume wangu akaleta turubai. Tulizimwaga taka Jumamosi iliyofuata, wapangaji wawili wakiwepo, na hesabu ilikuwa kama ya Mbagala: karibu kiroba kizima cha maganda na majani, chupa nyingi, na rundo dogo la vitu visivyo na mnunuzi. Nilikwenda pia kwa majirani wa kusini mwa mzee. Mama wa nyumba ile alinionyesha pazia la chumba cha mtoto wake mchanga, jeupe lililogeuka rangi ya chai upande wa dirishani, na akasema kila kaskazi inapoanza hulifua mara mbili kwa juma. Alikuwa anadhani sisi ndio tunaochoma.

Sasa tumechanga nyumba tatu na wapangaji. Toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, inakuja Alhamisi, na mume wangu aliifuata kwa bodaboda mpaka kizimbani mara mbili za kwanza. Shimo la mboji limechimbwa chini ya mwembe. Shimo la zamani bado liko wazi, na mzee bado anachoma majani makavu siku za Jumapili, ingawa amehamishia upande wa barabarani na anafanya hivyo saa nne asubuhi, upepo ukiwepo wa kuutawanya moshi. Hilo sikulipenda, na nimemwambia. Amesema mboji ikimwonyesha faida ataacha na hayo pia. Mpangaji mmoja amekataa kuchanga, na Jumatano iliyopita nilisikia tena harufu ya plastiki. Nimeiandika, saa moja kasoro dakika kumi, na bibi alitoka mwenyewe na ndoo ya maji kabla sijafika ukutani.

Juma hili pampu imetumika mara mbili. Barua ya kuomba suala la matairi liingizwe kwenye mkutano wa wakazi tumeiandika, na mzee ametia sahihi wa kwanza.